Mama ana saratani ya mapafu, ukoo unataka tuuze shamba akapasuliwe India. Naombeni ushauri

MwanaKilosa:
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Naandika saa tisa usiku nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, mniwie radhi maneno yakipishana.

Mama yangu ana miaka 61. Hajawahi kuvuta sigara wala kunusa ugoro, ila amepika kwa kuni jikoni kwa shule ya msingi zaidi ya miaka 20. Kikohozi kilimwanza mwaka juzi. Hospitali ya kwanza tuliyompeleka walimwanzishia dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yalipimwa mara mbili na hayakuonesha kitu. Akameza miezi sita, hakuruka hata siku moja, na kilo zikawa zinashuka tu. Hilo bado linaniuma. Alipofika mahali pa kuhema akiwa amekaa tukamhamishia hospitali nyingine. Wakamtoa maji kifuani, lita moja na nusu, na wiki mbili baadaye yakajaa tena. Picha ya kifua ya CT imeonesha uvimbe wa sentimita 4 juu ya pafu la kulia, na matezi yamevimba katikati ya kifua. Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yametoka: saratani, aina inayoitwa adenokasinoma.

Daktari alisema ugonjwa umesogea mbele na upasuaji haumo kwenye mpango kwa sasa. Foleni ilikuwa ndefu, tukatoka bila kuuliza kwa nini.

Sasa baba mdogo amepata wakala wa kupeleka wagonjwa India. Alimtumia picha za CT kwa simu, na ndani ya saa moja akajibiwa kwamba mama atatolewa pafu na atapona. Jumapili ukoo ulikaa kikao, ikaamuliwa ekari saba za Kilosa ziuzwe. Shamba hilo ndilo linalowasomesha wadogo zangu wawili. Mimi ndiye mtoto wa kwanza na hati ninayo mimi. Nikikataa itasemwa nimemnyima mama uhai kwa ajili ya ardhi. Swali langu ni moja: saratani ya mapafu ikishasogea mbele, upasuaji unasaidia?

NesiWaUsiku:
Pole sana kaka. Nimefanya kazi wodi ya saratani miaka tisa. Kabla hujauza hata jembe, kaulize kitu kimoja: yale maji yaliyotolewa kifuani yalipelekwa maabara kutafuta seli za saratani? Kama yalimwagwa, yakitolewa tena omba yapelekwe. Jibu la swali lako liko kwenye hayo maji.

Mpogoro_Asilia:
Mkuu, uza. Shamba utanunua jingine, mama hununui. Wazungu wenyewe wanapasuliwa kila siku.

DaktariWaKifua:
MwanaKilosa, pole. Mimi ni daktari wa upasuaji wa kifua. Nitaeleza kwa jumla tu, maana sijamuona mama wala picha zake.

Tunapasua saratani ya mapafu pale tunapoona ugonjwa wote unaweza kutoka. Ukibaki, mgonjwa anabeba kidonda kikubwa na saratani kwa pamoja, na dawa zinasubiri wiki kadhaa kidonda kipone huku ugonjwa ukiendelea. Ndiyo maana daktari anaweza kukataa kupasua na bado anampigania mgonjwa wake.

Sasa hilo neno "kusogea mbele" linabeba wagonjwa wa namna mbili. Kuna hatua ya tatu: ugonjwa umeingia kwenye matezi ya katikati ya kifua, upande uleule wa uvimbe, na haujatoka nje ya kifua. Baadhi ya hawa tunawapasua, lakini hatuanzi na kisu. Wanaanza na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na siku hizi wengine wanaongezewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili kama nivolumab, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2022 itumike kabla ya upasuaji. Baada ya mizunguko mitatu hivi CT inarudiwa. Matezi yakiwa yamenywea na mgonjwa ana pumzi ya kutosha, anaingia chumba cha upasuaji. Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili. Mara nyingi tunatoa kipande chenye uvimbe pamoja na matezi yake. Kutoa pafu zima tunakuogopa, hasa la kulia, maana vifo baada yake ni vingi kuliko la kushoto. Matezi ya upande wa pili au ya juu ya mtulinga yakiwa na ugonjwa, hapo kwa kawaida ni mionzi na kemo kwa pamoja, bila kisu.

Halafu kuna hatua ya nne. Ugonjwa umefika ubongoni, kwenye mifupa, kwenye ini, pafu la pili, au seli zake zimeonekana kwenye maji yanayozunguka pafu. Hata kama hayo maji ndiyo mahali pekee ulipofika, hiyo ni hatua ya nne. Kutoa pafu hapo hakumwongezei mgonjwa maisha. Wapo wachache wenye doa moja tu, labda ubongoni au kwenye tezi iliyo juu ya figo, ambao doa linaondolewa na uvimbe wa pafuni unaondolewa. Ni wachache kweli, na huwezi kuwajua kwa picha ya CT ya kifua iliyotumwa kwa simu. Lazima kiwepo kipimo cha PET, kinachotafuta saratani mwili mzima, au angalau CT ya tumbo, pamoja na picha ya MRI ya kichwa.

Na kutoa pafu si ufundi mpya uliofichwa India. Evarts Graham alimtoa mgonjwa wa saratani pafu zima la kushoto huko St. Louis, Marekani, tarehe 5 Aprili 1933. Mgonjwa yule aliishi kuliko Graham mwenyewe, ambaye alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Mkasi upo siku nyingi. Tunachohangaika nacho ni kujua ugonjwa umeishia wapi.

Kijana_wa_Tabata:
Mimi nitasema yaliyotukuta. Mzee wetu tulimpeleka nje, tuliuza nyumba ya vyumba vinne. Alifunguliwa kifua, wakakuta ugonjwa umetapakaa kwenye utando wote, wakafunga. Tulirudi na kovu kutoka mgongoni hadi ubavuni na maumivu yaliyomnyima usingizi hadi anaondoka, wiki kumi baadaye. Hakuna aliyetuuliza habari ya maji kabla hatujasafiri. Dada yangu wa mwisho alizaliwa kwenye ile nyumba. Kapime maji kwanza, kaka.

BintiMvita:
Wallahi pole sana ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amjaalie mamako shifaa. Lakini msiwatie watu hofu ya kisu pia. Shangazi yangu alikuwa hatua ya tatu. Alipigwa kemo Nairobi, kisha akakatwa kipande cha chini cha pafu la kushoto. Mwaka huu ni wa nne na yuapika biriani ya Idi mwenyewe. Ila yake maji hayakuwapo, na kabla ya kukatwa walimpulizisha kwenye mashine ya kupima pumzi mpaka akachoka.

NesiWaUsiku:
@Mpogoro_Asilia ndugu yangu, nakuelewa, na mimi nimezika mama. Lakini pesa ya shamba inaweza kuhitajika kwa dawa, na ikishaliwa na safari hairudi.

Kaka, kingine. Mama hajavuta sigara na ana adenokasinoma. Wagonjwa wa namna hiyo ndio wanaokutwa zaidi na hitilafu ya vinasaba inayotibiwa kwa vidonge, kama osimertinib, au erlotinib na gefitinib ambazo bei yake iko chini zaidi. Uliza kipimo cha EGFR, ndicho kinachotafuta hitilafu hiyo. Kinafanyika kwenye kinyama kilekile, hata kwenye seli za hayo maji, kwa hiyo si lazima wamchome tena. Hospitali zipo: Ocean Road ya Dar wapo, Bugando ya Mwanza wapo, KCMC ya Moshi wapo, hawa wote wanaona saratani kila siku. Omba rufaa, na omba kuonana na jopo, wakae daktari wa upasuaji, wa mionzi na wa dawa, walizungumzie faili la mama pamoja.

MwanaKilosa:
Nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Ahsanteni, wengine mmenipigia simu hadi usiku.

Maji yalitolewa tena yakapelekwa. Seli zimeonekana. Ni hatua ya nne.

Safari hii niliingia na swali limeandikwa kwenye karatasi, na daktari alikaa nasi karibu nusu saa. Kutoa pafu hakupo. Ila alisema upasuaji mdogo upo: walimtoboa ubavuni, wakakausha maji yote, wakanyunyiza unga wa talki ili pafu lishikane na ukuta wa kifua maji yasipate pa kujaa. Alisema tusidanganyike kwamba hiyo inatibu saratani, inampa mama pumzi. Siku mbili za kwanza alipata homa na maumivu makali. Sasa analala kwa mto mmoja. Tangu kabla ya Pasaka alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta.

Baba mdogo nilimpeleka akamsikilize daktari kwa masikio yake. Alitoka akakaa kwenye gari muda mrefu, halafu akaniambia nirudishe hati kabatini. Wakala bado anapiga simu, hatupokei.

Kinyama kimepelekwa kwenye EGFR, majibu wiki tatu. Ikitoka kwamba anafaa vidonge tutauza ekari mbili, mama mwenyewe amekubali, ila ametaka zisiwe zile za karibu na mto.

NesiWaUsiku:
Mungu ni mwema, amepata kulala. Maumivu yakizidi usiku mwambie muuguzi wa zamu, mofini ya kunywa ipo na haifupishi maisha, mama asiivumilie. Majibu yakitoka tuandikie.