Naomba ushauri: riwaya yangu ya uchumba wa kuigiza imekwama Wundanyi

KalamuYaUmoja:
Wadau, habari za jioni. Naandika riwaya ya mapenzi, ile aina ya wawili wanaojifanya wachumba kisha wanaishia kupendana kweli. Nimefika sura ya sita nimekwama.

Wakesho ni mhasibu hapa Nairobi. Anarudi kwao Wundanyi, kule Taita, kwa harusi ya mdogo wake, na amechoka kuulizwa "na wewe lini?" Anapatana na Mwadime, fundi wa pikipiki aliyesoma naye, ajifanye mchumba wake mpaka harusi ipite. Mwadime naye ana lake: baba yake hamkatii kipande cha shamba mpaka amwone yuko mbioni kuoa.

Rafiki yangu aliyesoma rasimu anasema nimeiazima Marekani nzima nzima: kamji kadogo, duka la maua, watu wote wanatabasamu. Ni kweli hizo nimezisoma mno. Sasa nifanyeje uongo wao ushike wiki tatu bila msomaji wa Kenya kucheka? Na wakilala nyumba moja, inakubalika?

ShangaziWaRongai:
Mwanangu, maua hayana neno. Shida ni kwamba umewaacha hawa wawili peke yao! Wundanyi hiyo hiyo ninayoijua mimi? Binti ashuke kwenye matatu, mwanamume amebeba begi lake, mama mtu atakuwa ameshapigiwa simu kabla hawajavuka barabara. Mjomba atauliza kijana ni wa nani, ametoka upande gani, kisha atauliza wazee wanakuja lini. Riwaya yako iko hapo.

Sura ya sita usiwape busu, wape mjomba. Afungue daftari la mraba, alambe ncha ya kalamu, aandike mahari: mbuzi, blanketi la nyanya, sukari, gunia la mchele. Mwadime amekaa kwenye stuli anachezea ufunguo wa pikipiki, anaitikia kila kitu kwa sababu mbele ya wazee huwezi kusema "samahani, tulikuwa tunaigiza". Kila "ndiyo" inamgharimu. Halafu siku moja aanze kubishana na mjomba kuhusu idadi ya mbuzi, abishane kwa moyo wote, apunguze wawili. Mtu asiyekusudia kulipa hapatani bei. Wakesho akilitambua hilo akiwa jikoni anasikiliza, umemaliza kazi.

MzeeWaKona:
Mimi riwaya za mapenzi sisomi. Ila fundi wa pikipiki mwenye mikono safi sura tano? Mpake oili.

KalamuYaUmoja:
😂 Napaka leo leo, mzee wangu. Shangazi, asante sana, duka la maua nimelifunga.

MsomajiWaUsiku:
Napinga kidogo. Mimi pesa yangu natoa kwa ajili ya wawili, sio kwa kikao cha wazee. Mkijaza wajomba kila ukurasa mapenzi yataota wapi? Watafutie safari. Watumwe Voi kuchukua suti za harusi, pikipiki izime njiani, mvua iwashike. Nimeisoma mara nyingi na bado nitaisoma tena, sioni haya.

DamuYaTaita:
Pikipiki izimie pale panapopanda kutoka Mwatate, kona zile zinatosha kabisa. Dada, hakikisha hali ya hewa. Wundanyi iko mlimani, asubuhi kuna ukungu na watu wamevaa sweta, joto ni la Voi huko chini. Kama Wakesho amekuja na treni ya SGR atashukia Voi, apande matatu ya kupitia Mwatate. Na nyumbani apikiwe kimanga, chakula chetu cha Kitaita, msimpe keki.

WakiliWaMtaa:
Kuhusu kulala nyumba moja: wiki tatu haziwafanyi mke na mume. Kuna dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja muda mrefu wakijulikana hivyo, lakini mwaka 2023 Mahakama ya Upeo ilisema itumike kwa nadra. Kinachowachoma hapo ni mama, sio mahakama. Mlaze Mwadime kwao.

Utamu uko kwingine. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ahadi ya kuoana haimfungi mtu, ila aliyepata hasara mwenzake akikataa kuitimiza anaweza kudai fidia. Tena inasema pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Kwa hiyo yule mbuzi wa kwanza atakayepokelewa na mjomba asipite kimyakimya. Awepo binamu aliyesomea sheria, amvute Wakesho pembeni amuulize kama anajua wanachokifanya. Na usithubutu kuwapeleka kwa msajili wa ndoa "kuigiza". Wakitoa notisi ya siku 21 wakaja kutia sahihi, hiyo ni ndoa.

MsomajiWaUsiku:
Haya, binamu nimempenda. Nabadili msimamo nusu. Wazee wawepo, lakini mvua ibaki!

ShangaziWaRongai:
Mvua ibaki, nani kakataa? Ila wakirudi wamelowa wamkute mjomba barazani.

KalamuYaUmoja:
Nimeandika yote. Shangazi, mjomba aanze na mbuzi wangapi?

ShangaziWaRongai:
Aanze na kumi. Baba mdogo wa binti akifika ataongeza.