Ninazubaa kwa sekunde chache bila kujijua, na tangu nianze dawa hali imezidi. Naomba ushauri

Mwalimu wa Tanga
Habari zenu ndugu. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, ninafundisha shule ya msingi mkoani Tanga. Tangu nikiwa darasa la tano huwa ninakatika katikati ya jambo: ninanyamaza, ninakodolea macho mahali pamoja, kisha ninaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nyumbani waliniita mzubaifu, nami nikaamini hivyo hadi mwaka jana, nilipoanguka na kukakamaa baada ya kukesha msibani siku mbili mfululizo. Kwenye kituo cha afya nilielezwa kuwa ni kifafa, nikaandikiwa kabamazepini. Sijaanguka tena, lakini kule kuzubaa, ambako zamani kulikuja mara mojamoja, sasa kunanipata mara nane au kumi kwa siku. Juzi nilikuwa nikiandika neno "mazingira" ubaoni. Nilipozinduka lilikuwa limeishia "mazi", mstari wa chaki umeteremka hadi ukingoni, na darasa zima liko kimya likinitazama. Je, niombe kuongezewa dawa? Tena nimechumbiwa, na ninaogopa kumweleza mwenzangu.

Tabibu wa Zamu
Pole sana, Mwalimu. Dawa usiiongeze mwenyewe, wala usiiache ghafla, kwa kuwa kuikatiza kunaweza kuleta degedege refu la hatari. Ila rudi kwa daktari wiki hii, maana dawa yenyewe inanitia shaka. Kuzubaa kwa sekunde kumi hivi, kunakoanza na kukoma ghafla bila kuacha uchovu wala kuchanganyikiwa, mara nyingi hutokana na kifafa kinachoshika pande zote mbili za ubongo kwa pamoja, na kabamazepini, ambayo ni dawa nzuri kwa aina nyingine ya kifafa, inajulikana kukichochea hiki. Omba rufaa ya kipimo cha umeme wa ubongo, Muhimbili kinapatikana. Utaambiwa uvute na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika tatu hivi, na kama ni kifafa hicho, mara nyingi tukio hujitokeza palepale mbele ya mpimaji.

Dawa zinazotumika zaidi ni ethosaksimaidi, valproeti na lamotrijini. Ya kwanza haizuii kuanguka, kwa hiyo kwako peke yake haitatosha. Kuhusu valproeti, mweleze daktari mapema kwamba unaelekea kwenye ndoa, kwa sababu huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi au kuchelewa kiakili, na mpango wa dawa hupangwa kabla ya mimba kuingia.

Mama Wawili
Naomba niongeze jambo, ili wasomaji wengine wasije wakaitupa kabamazepini. Mdogo wangu naye alikuwa akizubaa, lakini kwake kulianza na harufu ya kitu kinachoungua ambayo sisi hatukuisikia. Kisha alichezesha midomo kama anayetafuna, akavutavuta vifungo vya shati kwa dakika nzima, na baadaye hakujua yuko wapi. Tulimpeleka kwa mganga miaka miwili, tukauza mbuzi, na hali ilibaki ileile. Daktari alieleza kuwa kifafa chake kinaanzia sehemu moja ya ubongo, na kwa dawa hiyohiyo ametulia. Mwalimu, mwombe mtu akurekodi kwa simu. Video tuliyomrekodi mdogo wangu ilimsaidia daktari wetu kuliko maelezo yetu yote.

Mkaazi wa Pangani
Wakati unasubiri, dada yangu, usipike peke yako kwenye jiko la mkaa, usiendeshe pikipiki, wala usiingie baharini bila mtu wa kukuangalia. Sekunde kumi ni nyingi mno mbele ya sufuria inayochemka. Usingizi nao uulinde kama dozi, kwa sababu wewe mwenyewe umetuambia ulianguka baada ya kukesha.

Mwalimu wa Tanga
Nawashukuru kutoka moyoni. Mama amenirekodi leo asubuhi nikimenya viazi: sekunde kumi na mbili, kope zinapepesa, kisu kimesimama mkononi, kisha ninamenya tena. Nimemwonyesha mchumba wangu video hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliitazama mara tatu, akauliza rufaa ni siku gani ili aombe ruhusa kazini. Ni Alhamisi.