1HZ inagoma ikiwa ya moto: nozeli, oveholi ya pampu au pampu ya mtumba?

Kibaigwa_LC
Wakuu, habari za kazi. Nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya Toyota, 1HZ, kazi yake ni kubeba mazao. Asubuhi inawaka fresh. Ikishapata moto nikaizima, nazungusha starter mpaka betri inaishiwa. Mlimani inatoa moshi mweusi, na pampu ya dizeli (inayosukuma dizeli kwenda kwenye injini) imelowa kwa chini. Fundi mmoja anasema nibadilishe nozeli tu, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Mwingine anataka kufungua pampu aifanyie oveholi, yaani kuifungua yote na kubadilisha vilivyolika. Wa tatu ananiuzia pampu ya mtumba, eti "unafunga unaondoka". Nishike lipi?

FundiNozeli
Mkuu, usikimbilie pampu. Weka filta mpya, mwaga maji ya kwenye filta, kisha unganisha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya kuingilia pampu. Ukiona mapovu, inavuta hewa. Halafu nozeli zipimwe kwenye mashine: inatakiwa itoke ukungu, isidondoshe. Inayodondosha ndiyo inayokuletea moshi. Na zile washa (pete za chuma za kuziba) za chini yake hazirudishwi, nunua mpya.

MamaTrekta
Fundi, nozeli zinaeleza moshi, haziielezi hii ya kugoma ikiwa ya moto. Hapo mimi nashuku hedi ya pampu imelika, yaani kichwa chake ambamo rota inazunguka kugawa dizeli. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya kati ya rota na hedi, na kwa mwendo wa starter presha haifiki ya kufungua nozeli. Asubuhi dizeli ni nzito, inafika. Ikigoma tena, funika hedi kwa tambara la maji, ipoe kidogo, piga starter.

Dereva_Porini
Tambara jamani, si ndoo! Kuna watu wanamwagia maji pampu injini ikiunguruma. Chuma kinabana ghafla, pampu inakwama.

Kibaigwa_LC
Nimejaribu, imewaka palepale. Kwa hiyo mtumba au oveholi?

FundiNozeli
Basi mama kanishinda, ni pampu. Ila mtumba mimi siutaki. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, si oili ya injini kama pampu nyingi za safu (zenye pistoni zilizopangwa mstari) kwenye malori ya zamani. Aliyeitumia kabla yako akiwa amezoea dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, hedi imekwisha na kwa nje inang'aa vizuri tu. Itabidi ipandishwe mashine na kubadilishwa sili (mipira ya kuzuia kuvuja) hata hivyo. Umeokoa nini?

Dereva_Porini
Na kuongeza oili ya pikipiki kwenye tangi?

FundiNozeli
Hairudishi chuma kilicholika, kaka.

MamaTrekta
Fanya oveholi: hedi mpya, sili, na nozeli zote kwa pamoja, maana pampu nzima ikisukuma nozeli mbovu moshi utabaki. Sili ziwe za vaitoni, mpira unaostahimili dizeli na joto. Dizeli yetu ni ya salfa ndogo, 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) tangu 2015, na mpira wa zamani mara nyingi husinyaa na kuvuja. Dai karatasi ya vipimo vya mashine. Kabla pampu haijatoka, ipigwe alama ilivyokaa kwenye injini, la sivyo taimingi (muda wa kupuliza dizeli) itawasumbua.

Kibaigwa_LC
Sawa, inashuka Jumatatu. Ikirudi naiwasha tu?

FundiNozeli
Hapana. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha starter mpaka dizeli itoke bila hewa, kaza. Kidole kikae mbali na mchirizi. Presha ile inapenya ngozi, na ikipenya ni hospitali saa hiyohiyo hata kama tundu ni dogo kama la sindano.