Mjadala: Moto wa Kilimanjaro tuuache kwa kuwa "ni wa asili"?

Wadau, kila mlima unapowaka kuna hoja inarudi: moto ulikuwepo tangu enzi na enzi, msitu utaota wenyewe, tunahangaika nini? Ilisemwa Oktoba 2020 zilipoungua takriban kilomita za mraba 95, ikasemwa tena Oktoba 2022 moto ulipozuka upande wa kambi ya wapanda mlima ya Karanga. Naomba tuichambue, maana nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayotupotosha.

Msitu wa Kilimanjaro haujawahi kutulia mahali pamoja. Miaka kama 20,000 iliyopita, baridi na ukavu viliisukuma miti chini kuliko ilipo leo. Mvua ziliporudi ikapanda. Miaka kama 4,000 iliyopita ulipiga ukame mkali ambao vumbi lake mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walilikuta ndani ya barafu waliyoichimba kileleni mwaka 2000. Moto nao si mgeni. Erika, ile miti ya majani membamba iliyo juu ya msitu mnene, huwaka hata ikiwa mibichi. Lakini mvua zikishanyesha, chutama kwenye kisiki kilichoungua: gome ni mkaa mtupu, na pale shinani machipukizi ya kijani yanajitokeza. Mti huu umezoea kuungua.

Umezoea kuungua mara moja moja, si kila baada ya miaka michache. Mtafiti Andreas Hemp, aliyechunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba tangu 1976 moto ulikuwa umeshusha ukingo wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Hebu fikirini: joto linaongezeka, miti ilitakiwa ipande, yenyewe inashuka! Erika inachipua kama kichaka, na kabla haijawa mti inaungua tena.

Kichaka hakikamati maji kama mti. Kule juu ukungu hupita kwenye matawi yenye mimea inayoning'inia kama ndevu ndefu, unanaswa, unadondoka tone kwa tone hadi kwenye udongo. Tumeililia sana barafu, na inauma kweli, ila maji tunayoyapoteza msitu huu ukiungua ni mengi kuliko yanayotokana na barafu kuyeyuka. Anayetegemea mfereji au mto Pangani aanze kuliangalia hilo.

Mdau wa Kilwa: Mkuu, huku kwetu tunachoma mapema kwa makusudi, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili kiangazi kikikolea moto mkubwa usije. Mnataka kupiga marufuku moto nchi nzima?

Hapana, na nakuunga mkono. Miombo, yaani misitu ya wazi yenye nyasi chini kama ya kwenu, imekua na moto, na kuchoma mapema ndiko kunakonusuru miche ya mpingo. Kinachofaa miombo si lazima kifae msitu wa ukungu. Kosa ni kutunga sheria moja kwa misitu yote, iwe ya kuruhusu au ya kukataza.

Mdau wa Rombo: Lawama zote huwa za walina asali. Mbona 2020 moto ulianzia kwenye njia ya watalii?

Ni kweli. Taarifa ya TANAPA yenyewe, shirika la hifadhi za taifa, ilitaja eneo la Whona, wanapopumzika wapanda mlima, na wapagazi waliokuwa wakiandaa chakula. Wapo walina asali wanaofukuza nyuki kwa moshi na kuuacha moto nyuma, lakini kumfukuza mwanakijiji ni kumwondoa mtu ambaye angeuona moto ukiwa bado wa kuzimwa kwa matawi. Kwa maoni yangu, asali ilinwe kwa vibali na mizinga ya kisasa, vijiji vilipwe kulinda ukanda wa erika miezi ya ukavu, na kampuni ya utalii ambayo watu wake wanapika nje ya sehemu zilizotengwa ifungiwe msimu mzima.

Walioko Siha, Hai na Rombo: vijiji vyenu vingekubali jukumu hilo, na kwa masharti gani?