Mashine ya kufulia: ya mlango wa mbele au ya kufungulia juu? Maji yetu ya kisima, simtank liko chini

baba_kibada

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo ya wenye uzoefu maana nimezunguka Kariakoo juzi nimerudi nimevurugwa zaidi ya nilivyoenda, kila duka lina lake. Tuko Kigamboni huku Kibada, nyumba ya kupanga, familia ya watu watano, wa mwisho bado mdogo anavaa nepi za kitambaa. Dada aliyekuwa anatusaidia ameondoka anaolewa kwahiyo kufua kumebaki kwa mimi na mama watoto na jumapili yote inaishia kwenye mabeseni.

Bajeti laki 8, nikijikakamua sana 9. Duka la kwanza jamaa kasema chukua ya mlango wa mbele, ya kisasa, maji kidogo, inachemsha yenyewe. La pili mzee kanicheka, eti hizo ni za watu wenye maji ya bomba masaa 24 wewe chukua ya kufungulia juu. La tatu hata hajaniuliza naishi wapi kanivuta kwenye zile za matangi mawili, unafua upande huu unahamishia upande wa pili kukamua, bei yake nusu ya zile nyingine.

Hali ya nyumbani sasa. Maji ni ya kisima cha kuchimba, yana chumvi na sabuni haitoi povu kiivyo. Pampu inayapandisha kwenye simtank la lita 1000 lililokaa juu ya kimnara cha matofali, kimo chake kama mita 2 tu. Umeme upo ila unacheza cheza. LUKU ni yetu wenyewe na tuko kwenye tarifu ya chini ile ya uniti 75 kwa mwezi na sitaki kabisa kutolewa huko. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

fundi_wa_baridi

Mkuu afadhali wewe umeeleza maji yako, wengi wanakuja kuuliza "ipi nzuri" halafu ukiwauliza tanki liko juu kiasi gani wanashangaa. Kwa hali yako mlango uko mbele au juu sio swali la kwanza, la kwanza ni presha.

Iko hivi, kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya bar 1. Tanki lako mita 2, na pale nyuma ya mashine maji yanapoingilia pako juu ya sakafu karibu mita moja, kwahiyo kimo unachobaki nacho ni mita moja na kidogo, hiyo ni kama bar 0.1. Sasa soma stika ya nyuma au kitabu chake, utakuta wameandika presha ya chini kabisa, nyingi zinataka 0.03 mpaka 0.05 MPa, yaani bar 0.3 hadi 0.5. Hufiki hata nusu. Itakachofanya ni kudondosha maji tone tone, itasubiri weee halafu inakuwekea erro, ile alama ya hitilafu, na kugoma, na wewe utasema umeuziwa mbovu kumbe mashine nzima.

Na hapa wauzaji wanawachanganya watu, wanasema ya juu haihitaji presha. Sio kweli, otomatiki ya juu ina valvu ileile ya umeme kama ya mbele. Tofauti ni kwamba ya juu maji yakigoma unafungua mfuniko unamwaga ndoo zako, ile sensa ya kimo ikiona maji yamefika inaanza kuzunguka haijali yametoka wapi. Ila itabidi usogee tena wakati wa kusuuza maana inataka maji mengine. Ya mbele ukishafunga mlango umefunga, utabaki unamimina na jagi kwenye kidroo cha sabuni na hiyo sio kazi ya mtu mzima.

Dawa ni mbili tu, uinue mnara au ufunge pampu ndogo ya presha kati ya tanki na mashine. Nyumba ya kupanga mnara wa mwenye nyumba utainua kwa hela ya nani?

mama_mapacha

Fundi umesema vizuri ila usimtishe kaka wa watu kuhusu za mbele, mimi ninayo huku Tegeta na siibadilishi 😂

Kwanza nguo. Ile ya juu mdogo wangu anayo, madera na khanga zinajisokota kule chini mpaka ukitoa unatoa fungu moja unaanza kufumua, baibui ndo usiseme mikono imefunga mafundo na suruali ya mume. Ya mbele inazinyanyua na kuzidondosha, hazisukwi. Pili kukamua, yangu inaenda mizunguko 1200 kwa dakika, yake haizidi 700 na ushee. Kiangazi hutaona tofauti yoyote jua la Dar linamaliza, ila masika hii nguo za shule zangu zinakauka usiku ndani kwenye feni wakati yeye soksi zinamgomea siku ya pili zinaanza kunuka.

Na maji kaka, wewe mwenye tanki la lita 1000 angalia hapo. Ya mbele ya kilo 7 inakula kama lita 50 mzigo mzima na kusuuza, ya juu unazidisha mara mbili au zaidi. Ukifua mizigo minne jumapili na ya juu umeondoka na karibu nusu tanki na hamjaoga wala kupika.

Mabaya yake nayasema pia. Inachelewa, programu ya pamba masaa mawili na zaidi, ndo maana mimi siku za kawaida natumia ile fupi ya nusu saa kwa nguo zisizo na uchafu wa maana. Ule mpira wa mlangoni unakusanya maji na nywele na usipoufuta unaota ukungu mweusi na harufu inahamia kwenye mataulo, kwahiyo mlango nikimaliza nauacha wazi, na ukiwa na mtoto anayetambaa hapo ni kesi nyingine maana wanapenda kuingia. Halafu kuinama. Mama mkwe alivyokuja mgongo wake ulikataa, alirudi kwenye beseni lake na stuli.

Mzenji_wa_Ng'ambo

Assalam alaykum. Mie nisemee zile za mtumba mana najua mtu akiona laki tisa ataanza kutafuta za bandarini. Huku Unguja zinaingia nyingi kutoka Dubai na Ulaya na nyingine nzuri hasa, chuma kweli. Ila ukienda kutazama fungua mlango ulizungushe pipa kwa mkono, likikoroma beringi imekwisha iwache. Lisukume juu chini, likicheza kando ya mpira pia iwache. Na tazama kibati cha umeme nyuma, imeandikwa 220-240V ndo yetu, ikiwa 120V na 60Hz hiyo ya Marekani, hata ikiwa ya bure itakutaka transfoma kubwa na spea utazitafuta mpaka uchoke.

Jengine la za mbele, zikisafirishwa zinafungwa boliti nyuma kulizuia pipa, aghalabu nne. Zisipotolewa siku ya kwanza ikianza kukamua itaruka kama mbuzi wa arusi, skuambii. Za mtumba boliti zishatolewa zamani na pipa limepigwa na meli njia nzima, kwahivo ulizungushe usione haya.

bwana_hesabu

Mi naona mnajichosha. Mtafute mama wa kufua aje mara mbili kwa wiki, laki 8 mtamlipa miezi mingapi? Hana erro hana bodi ya kielektroniki, umeme ukikatika anaendelea.

mama_mapacha

Bwana hesabu wewe hujawahi kufua nepi 😏 na huyo mama akiumwa wiki mbili?

baba_kibada

Nawashukuru sana wadau. Bwana hesabu tulishajaribu, huku kwetu wa uhakika ni shida kumpata na wife hataki mtu mpya kila wiki.

Fundi nimeenda kupima na futi, sakafu mpaka kitako cha tanki ni mita 2 na kidogo, ulivyosema ndivyo. Sasa niambie kuhusu umeme na hii chumvi. Na za matangi mawili umezipita kimya, ni mbaya?

fundi_wa_baridi

Sio mbaya hata kidogo, nilikuwa nasubiri uniulize.

Umeme kwanza. Kinachokula ni hita sio mota. Hita ya mashine ya mbele iko kwenye wati 2000, ukifua nyuzi 60 mzigo mmoja unaondoka na kama uniti 1, ukifua baridi hiyo hiyo mashine inakula robo uniti hivi. Chukulia mizigo 12 kwa mwezi, ya moto yote ni uniti 12, ya baridi 3. Wewe unayechungulia 75 hizo 12 zinaweza kukuvusha na wakikutoa huko, tarifu ya kawaida ni zaidi ya 350 kwa uniti, ya chini haifiki 130, kwahiyo sio zile 12 tu zinazopanda bei, ni uniti zako zote za friji na pasi na ile pampu ya kisima. Za juu nyingi zinazouzwa hapa hazina hita kabisa, na za matangi mawili hazina, hapo uko salama.

Kucheza kwa umeme, ya otomatiki iwe ya mbele iwe ya juu ina bodi, na bodi ikipigwa na umeme mkubwa bei yake unakaa chini. Weka kile kifaa cha kulinda friji lakini chagua cha ampia 13 sio vile vidogo, hita ya wati 2000 peke yake inavuta karibu ampia 9. Ya matangi mawili haina bodi, ina swichi mbili za kuzungusha na mota mbili na mkanda, fundi yeyote wa mtaani anaifungua.

Chumvi sasa. Maji kukataa povu maana yake yana chokaa pia sio chumvi peke yake, na chokaa inaganda pale yanapochemka, kwahiyo hita ndo inavaa koti jeupe na mwisho inakatika. Ukifua baridi umeepuka hilo kwa kiasi kikubwa. Chumvi yenyewe inakula vyuma, kwenye mashine za mbele nyuma ya pipa kuna msalaba wa aluminiamu unaolishika, nimefungua kadhaa za nyumba za maji ya visima nikakuta umeliwa unamomonyoka kwa kidole. Hiyo huirekebishi, unabadilisha, na mara nyingi wanakuuzia pamoja na pipa. Ya juu nayo haijasalimika, beringi na shafti zina kutu zao, ila haibebi pipa kwa ubavu.

Na kwa maji hayo watu wanaongeza sabuni wapate povu, tena ile ya unga ya kufulia kwa mkono. Kwenye ya mbele usithubutu, siku ukipata maji ya mvua na kipimo kilekile povu litatokea kidrooni. Kuna zilizoandikwa za mashine, povu lake dogo makusudi.

Kwa nyumba hiyo mimi ningechukua matangi mawili kilo 8 au 10, ubaki na hela. Kuna faida moja mama mapacha hajaigusa, maji ya sabuni unayarudia. Unaanza nguo nyeupe, unatoa unaingiza za rangi humohumo, unamalizia na matambara na mazulia ya mlangoni. Hapo hata ile lita 50 ya mashine ya mbele unaifikia. Ila kazi ipo, hutaweka ukaondoka ukaenda kanisani, utahamisha nguo na kusuuza mwenyewe.

mama_mapacha

Hapo kwenye kurudia maji nakubali, ila mwambie pia ile ya kukamua usijaze na uweke kile kifuniko cha ndani, nguo ikitoka juu inazunguka nje ya kikapu inachanika. Na nepi kaka kama huna hita loweka usiku na zichemshe sufuria pembeni mara moja moja, maji ya baridi hayatoi yale madoa hata mashine iwe ya milioni tatu.

Mimi kwa upande wangu mkihamia kwenu mkawa na mnara mrefu nunua ya mbele, sijabadilika 😄

baba_kibada

Wife amesoma yote, yeye anataka ya otomatiki ya juu kwasababu hataki kusimama nayo, mimi naelekea kwa fundi matangi mawili. Tumekubaliana jumamosi twende wote akaione inavyofanya kazi. Kuna kitu cha kuangalia kabla hatujalipa? Tutaiweka kibarazani nyuma, choo kiko ndani.

fundi_wa_baridi

Kibarazani hapo angalia maji yatatokea wapi. Ya matangi mawili nyingi hazina pampu ya kutolea, mpira wake ni wa kulaza chini na maji yanashuka yenyewe, kwahiyo kama kibaraza kina kizingiti au sakafu imeinamia ndani utabaki na maji kwenye tangi. Iinue juu ya matofali mawili matatu au uende na aina yenye pampu, wapo wanaouza, ulizia. Otomatiki ya shemeji kama ina pampu mpira unainuliwa kwa kimo wanachoandika kwenye kitabu, ukiulaza chini maji yanatoka yenyewe wakati inafua na inabaki inajaza haimalizi. Kama ni ya kushusha maji yenyewe, habari ni ileile ya sakafu.

Na kwa hiyo otomatiki, muulize muuzaji presha ya chini ni ngapi mbele ya shemeji, kisha mwambie akuoneshe imeandikwa wapi. Asipoionesha pigeni picha stika mniwekee hapa jumamosi hiyohiyo.