Mazoezini napiga vizuri, siku ya shindano naharibikiwa. Shida ni kichwa?

Shimo_la_Saba:
Wakuu habari za jumapili. Nacheza gofu mwaka wa nne sasa hapa Dar, handikapu 18 (yaani mikwaju ya nyongeza ninayopewa kwa raundi). Katikati ya wiki nikiwa na kedi wangu (mbeba begi la fimbo) tu narudi na mikwaju 88, 90, safi kabisa, ila ikifika shindano la jumamosi ni kama mtu mwingine ndo kashika fimbo. Jana mpaka shimo la sita nilikuwa vizuri, la saba, pa 4 (la kumalizwa kwa mikwaju minne), nikatumbukiza mpira majini, nikapiga mwingine kwa hasira nao ukaingia humohumo, nikatoka na 9, na baada ya hapo mashimo yaliyobaki sijui hata nilikuwa nafanya nini. Mwalimu anasema swingi, yaani ninavyozungusha fimbo, haina shida. Inaniuma kweli maana mchezo huu naupenda. Mnatulizaje kichwa?

Kedi_wa_Zamani:
Pole kaka. Nimebeba mabegi miaka 11, hilo nimeliona sana. Kilichokuharibia ni ule mpira wa pili, uliupiga kabla hujapumua. Raundi ni kama masaa manne lakini mikwaju 90, kila mmoja sekunde mbili tatu, haifiki hata dakika tano, muda wote uliobaki unatembea na mawazo yako tu. Bosi wangu akichemka nilikuwa naomba fimbo niifute, naifuta taratiiibu hata kama haina tope, nampa maji, tunaongelea watoto wake mpaka tufike kwenye mpira. Hapo sasa upepo, umbali, chagua pa kulenga, piga. Ukiuinamia mpira muda mrefu mikono inakakamaa.

Mama_Pati:
Ilikuwa stablefodi, ile ya kuhesabu pointi kila shimo? Kwa handikapu 18 unapewa mkwaju mmoja kila shimo, kwa hiyo pa 4 kwako ni 5, na hiyo ni pointi mbili. 6 ni moja. Ikifika 7 huna cha kupata, okota mpira uende shimo la nane na akili yako. Wengi tunajitesa tukihesabu pa ya maprofeshno.

Upepo_wa_Pwani:
Mkuu mwangalie Rory McIlroy, yule profeshno. Shindano la Masters la 2011 kule Augusta, Marekani, aliianza siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju minne, shimo la 10 akapiga 7, akamaliza na 80. Miezi miwili baadae akabeba shindano lingine kubwa, US Open, kwa tofauti ya mikwaju minane! Na 2025 palepale Augusta siku ya mwisho alianza na dabo bogi (mikwaju miwili juu ya pa), la 13 akatia mpira majini, la 18 akakosa pati fupi (mkwaju wa kusukumia mpira shimoni) ya ubingwa, ikabidi aingie pleiofu, yaani shimo la ziada la kuamua mshindi, na Justin Rose na akapiga bedi (mkwaju mmoja chini ya pa) akashinda. Mashimo mabaya aliyapata, ila alirudi kwenye mkwaju unaofuata.

Shimo_la_Saba:
Asanteni sana wakuu. Dada Mama_Pati ndio, ilikuwa stablefodi, na mpaka la sita nilikuwa na pointi 13, yaani ningeokota tu ule mpira… Kedi wangu nimeshamwambia, jumamosi aje na taulo.