Nauza tela la kambi la kukunja (la familia), lipo Uyole Mbeya. Milioni 9 nimepitiliza?

BabaWatatu_Uyole

Wakuu habari za majukumu. Naomba ushauri kabla sijalitangaza maana hapa mtaani kila ninayemuuliza anacheka.

Nina tela lile la kambi la kukunja, limetengenezwa South Afrika. Likiwa limefungwa unaona boksi tu la bati limekaa kwenye matairi mawili, ukizungusha winchi paa linapanda, vitanda viwili vinachomoka kushoto na kulia, hema linajivuta lenyewe, katikati kuna kameza na jiko la gesi la plate mbili. Wanalala wakubwa wanne na watoto wawili wakibanana. Nililinunua 2016 kwa mzungu mmoja aliyekuwa anamaliza mkataba wake Iringa, ushuru alishalipa, namba za Tanzania na kadi ina jina langu.

Tumezunguka nalo sana watoto walipokuwa wadogo. Matema kule Ziwa Nyasa karibu kila mwezi wa 12, hifadhi ya Ruaha mara moja, hifadhi ya Kitulo mara mbili, na hiyo ya pili tulienda mwezi wa saba kwa ubishi wangu, asubuhi maji ya kwenye ndoo yana ganda la barafu juu, mama watoto akasema harudi tena na kweli mpaka leo hajarudi. Sasa mkubwa yuko chuo Dodoma, wawili wako bweni, tukienda Matema tunachukua chumba tunalala. Tela lina miaka mitatu nyuma ya nyumba limefunikwa turubai, kuku ndio wanalala juu yake.

Nafikiria milioni 9, niliangalia mitandao ya huko South yanauzwa hela ndefu. Na nikauzie wapi? Dalali mmoja wa Mwanjelwa kaniambia atanipa laki 8 achukue ekseli na matairi, boksi nibaki nalo nifugie kuku. Nusura nimtoe mbio.

MnyaluWaBarabarani

Kamwene mzee. Mimi naendesha gari za watalii huku Iringa miaka mingi kwa hiyo haya matela nayaona kila msimu wakipita wale wa South na Zambia kwenda Ruaha. Ukweli milioni 9 hupati, na si kwamba tela ni baya. South kuna familia kibao zinafanya kambi kila likizo, wakilinunua leo wanajua wiki ijayo wanaenda wapi. Huku mtu akipata milioni 9 anaongezea kidogo anachukua IST. Bei ya South utaipata kwa wateja wa South.

Halafu usitafute familia. Tafuta mtu ambaye kazi yake inamlaza nje. Wafuga nyuki, wapima ardhi, hawa wanaosimamia uvunaji wa miti Mafinga, wakandarasi wadogo wa barabara. Hao wanalala kwenye vihema vya kununua sokoni mvua ikinyesha wanaamka wameelea, ukiwaonyesha kitanda kilichoinuka kutoka chini wanaelewa bila maelezo.

Swali moja, mara ya mwisho umelifungua lini? Sio kufunua turubai, kulifungua lote paa juu.

MamaChipsi_Soweto

Kaka mimi nakupa milioni 3 cash, nakata huo upande wa hema naweka dirisha nauzia chipsi stendi. Jiko tayari lipo 😂😂

BabaWatatu_Uyole

Dada yangu nisamehe, jiko lenyewe linachemsha chai ya watu wawili, karai la mafuta ukiliweka hapo ni kuomba moto. Hema lote lile ni kitambaa.

Mnyalu, kulifungua kabisa ni 2022 nadhani. Lakini lilikuwa zima.

FundiSpringi

"Lilikuwa zima" ndio neno la wauzaji wote hahaha. Mzee wangu tela linalokaa linakufa haraka kuliko linalotembea. Kabla hujamwita mteja fanya hivi: liweke jeki, zungusha tairi kwa mkono usikilize. Likinguruma kama mtu anasaga mahindi beringi zimekwisha, hata kama halingurumi fungua utie grisi mpya maana ya zamani imekauka imekuwa kama udongo. Angalia ubavuni mwa tairi kuna namba nne peke yake kwenye kiboksi kidogo, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Usidanganywe na kashata (meno ya tairi) kuwa bado nzito, mpira unazeeka umesimama, unapasukia njiani na tela likipasua tairi linaanza kuyumba linaburuza na gari.

Plagi ya taa ifungue, pini saba zile lazima zina kutu ya kijani, piga msasa mdogo. Na kama ni yale yenye breki zake kichwani, yaani ukifunga breki za gari tela linasukuma mbele na breki zake zinajikaza, kile chuma kinachoteleza kimeshashikana. Mtu akilivuta hivyo akashuka nalo mteremko wa Kitonga utasikia jina lako linatajwa vibaya.

BabaWatatu_Uyole

Lina hizo breki ndiyo, ndio maana nilikuwa nashuka Tukuyu kwenda Kyela bila wasiwasi na familia yote ndani ya Prado. Jumamosi nalifungua, kijana yupo likizo.

Karani_Mstaafu

Naongezea upande wa makaratasi maana watu hudharau tela wakidhani ni mkokoteni. Tela lina usajili wake na kadi yake kama gari, sio sehemu ya Prado yako. Kwa hiyo mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, vitambulisho vya pande zote, TIN zenu, halafu umiliki ubadilishwe TRA. Usimpe mtu kadi original eti atabadilisha mwenyewe akifika kwake. Anaweza kukaa nalo miaka mitano na likimgonga mtu Songea polisi wanakuja Uyole.

Na wanunuzi mnaosoma hapa, mkiona tela la mgeni bado lina namba za nje na linauzwa rahisi sana, ulizeni kwanza kama kodi imelipwa. Liliingia kwa kibali cha muda tu halafu mwenyewe akapanda ndege? Mzigo huo unabaki kwako.

BabaWatatu_Uyole

Nimerudi wakuu na aibu yangu.

Tumelifungua Jumamosi. Winchi iligoma, tukatia mafuta tukasubiri, ikazunguka paa likapanda upande mmoja, upande wa pili waya umekatika. Ndani nikakutana na harufu ya gunia lililolowa. Kona ya kulia hema lina ukungu mweusi madoa madoa mpaka kwenye zipu, maana tulilifunga Matema siku ya mwisho likiwa na unyevu, tuna haraka ya kuwahi barabara kabla ya mvua, nikasema nitalianika nyumbani. Sikulianika.

Kabatini panya wamechimba godoro la kitanda cha watoto wakabeba sponji yote wakaenda kutengeneza kiota ndani ya sufuria ya ugali, kifuniko kimekaa juu vizuri kabisa sijui walipitia wapi. Kijana wangu akasema baba hawa wamefanya kambi kuliko sisi.

Tairi zote zimeandikwa 1114. Kashata nzuri kabisa lakini ni za 2014 hizo. Milioni 9 yangu nimeifuta mwenyewe.

MnyaluWaBarabarani

Pole mzee, ndio maana niliuliza. Huo ukungu usiuguse na jiki, watu wanaua turubai hivyo, doa linapauka na nyuzi zinaoza pamoja na mshono. Sabuni ya mche, maji ya uvuguvugu, brashi laini ya nguo, suuza mpaka povu liishe. Halafu liache wazi siku mbili tatu, saa hizi mwezi wa tano mvua zimekata tumia hilo jua la Uyole kabla baridi haijashika. Doa halitatoka lote, harufu ndiyo itatoka, na mteja anakimbia harufu zaidi ya doa.

Waya badilisha pande zote mbili kwa mara moja, ukibadilisha mmoja paa litapanda limeinama. Godoro nunua sponji ukate. Matairi mimi ningemwachia mnunuzi nikapunguza bei, ila mwambie wazi. Piga picha likiwa limefunguliwa, na picha moja ya ukungu ulivyobaki iweke hapohapo kwenye tangazo. Mtu akisafiri kutoka Njombe akakuta kitu hakikuonyeshwa anaondoka hata kama bei ni nzuri, ana hasira ya nauli.

Weka milioni 5.8 ushuke mpaka 5. Tangaza sasa, wanaojiandaa na kiangazi wanatafuta vitu wiki hizi, ukisubiri mwezi wa kumi utawapata kuku tu.

FundiSpringi

Beringi je?

BabaWatatu_Uyole

Zilisaga mahindi fundi. Nimebadilisha.

BabaWatatu_Uyole

Mrejesho wakuu. Limeondoka. Amekuja jamaa wa Mafinga anasimamia vijana wanaopanda miti, wanalala porini wiki nzima, sawasawa na alivyosema Mnyalu. Ukungu hakuuangalia hata mara mbili, alipanda kitandani na buti akajinyoosha akauliza "hapa mvua haipiti chini?" nikamwambia haipiti, akatoa simu kumpigia mwenzake. Tumemaliza kwa 5.2, matairi atanunua yeye, kwa wakili tumeshasaini na kesho tunamalizana TRA ndio nimkabidhi kadi. Mama Chipsi jiko ameomba libaki lakini jamaa amekataa anataka kuchemshia chai yake.

Ndaga fijo (asanteni sana) wote. Kuku jana usiku wamelala juu ya boneti ya Prado.